Ngazi ya Roho yenye Vidato Kumi na Vinne

Tangu zama za babu zetu miji yetu ya pwani imekaa watu waliotoka Bara Hindi, nasi huwaita wengi wao kwa jina moja tu, Mabaniani. Twanunua kwao nguo na misumari, watoto wetu wasoma darasa moja na watoto wao, na methali ile ya kiatu cha Baniani haitutoki kinywani. Lakini ni wachache wetu waliopata kuuliza, huyu Baniani aamini nini? Jina hilo limefunika watu wa dini zaidi ya moja, na miongoni mwao wamo Wajaini, ambao si Wahindu wala si Mabudha. Wengi wa Wajaini wa Kenya asili yao ni vijiji vya Halar, karibu na mji wa Jamnagar katika Gujarat, nao hujiita Oshwal. Wana mahekalu yao Mombasa na Nairobi, na twapita mbele ya milango yake tusijue linalofundishwa ndani.

Mwezi huu tumeona yafaa tueleze jambo moja katika mafundisho yao, nalo ni ngazi ya roho yenye vidato kumi na vinne. Tumelichagua kwa kuwa linahusu nafsi ya mwanadamu, hasira yake na kiburi chake, na hayo hayana kabila. Nia yetu si kumvuta mtu aiache dini yake, wala si kumcheka jirani. Twataka jirani ajulikane kwa alisemalo yeye mwenyewe, si kwa lisemwalo juu yake barazani.

Basi kwanza tufahamu Wajaini ni nani. Neno lenyewe latokana na neno la Kisanskriti, jina (lisichanganywe na neno letu la Kiswahili), na maana yake ni mshindi, yaani mtu aliyeishinda nafsi yake. Washindi wakuu kwao ni 24 katika zama hizi, na wa mwisho wao ni Mahavira, aliyezaliwa katika nchi ya Bihar ya leo. Kwa hesabu ya wafuasi wake alizaliwa mwaka 599 kabla ya Nabii Isa na akafa mwaka 527. Alikuwa mtoto wa mtawala. Alitoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 30, akajitesa kwa kufunga na kutafakari zaidi ya miaka 12, kisha akafundisha watu kwa muda wa miaka 30. Wafuasi wake wamegawanyika makundi mawili makubwa, Svetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, na Digambara, ambao watawa wao wa kiume hawavai nguo kabisa. Katika hesabu ya watu ya India ya mwaka 2011 Wajaini wote walikuwa zaidi ya milioni 4.4, umma mdogo sana katika nchi ile kubwa.

Wajaini hawaamini Muumba. Hapa ndipo tunapoachana nao, wala hatulifichi. Ulimwengu kwao hauna mwanzo wala mwisho, na roho hazikuumbwa. Na kwa kuwa hapana aliyeumba, hapana pia wa kughufiria. Mahavira mwenyewe haombwi afute dhambi ya mtu, kwani hawezi. Yeye ni mfano wa kufuatwa tu. Msomaji alishike hili vizuri, maana bila ya hili hataona kwa nini watu hawa wameihesabu hali ya nafsi kidato kwa kidato, kwa uangalifu kama wa mfanyabiashara akaguaye daftari lake. Kama hapana wa kukusamehe, huna budi kujua umesimama wapi.

Roho, wasema, kwa asili yake ni safi na yenye ujuzi usio mpaka. Lakini imeshikwa na karma. Wahindu pia wanalo neno hili, bali kwa Wajaini karma ni kitu hasa, chembe nyembamba mno zilizojaa kila mahali, ambazo huing'ang'ania roho kama vumbi ling'ang'aniavyo mwili uliopakwa mafuta. Ukiwa mkavu vumbi hupita. Na mafuta yenyewe ni manne: hasira, kiburi, hila na tamaa. Karma nazo ni za namna nane, na kila namna wameipigia mfano. Iko iliyo kama kitambaa kilichofungwa machoni, hiyo huzuia ujuzi. Iko iliyo kama bawabu amzuiaye mtu asimwone mfalme. Ya raha na maumivu ni kama asali iliyopakwa kwenye makali ya upanga, unalamba utamu nao ulimi wakatika. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile waifananishayo na pombe, kwa sababu humlevya mtu asijue jema wala baya. Hiyo ikishindwa, nyingine hufuata kuanguka kama jeshi lililopoteza amiri wake.

Kabla ya kupanda ngazi yatupasa tukae kidogo kwenye yale mafuta manne, maana kwetu sisi hapa ndipo penye kiini cha habari. Kila moja ya hasira, kiburi, hila na tamaa ina vipimo vinne, zikawa jumla kumi na sita. Tuchukue hasira. Ya kwanza ni kama mstari uliochongwa katika jiwe, haufutiki, nayo hudumu uhai wote. Ya pili ni kama ufa wa ardhi wakati wa kiangazi, huziba mvua ikinyesha, na muda wake ni mwaka. Ya tatu ni kama mstari katika mchanga ambao upepo huufuta, na muda wake ni miezi minne. Ya nne ni kama mstari uliochorwa juu ya maji kwa kidole, na hata huo wameuwekea siku kumi na tano. Kiburi nacho kina mifano yake: nguzo ya jiwe isiyopindika, kisha mfupa, kisha mti, kisha henzirani. Ama tamaa, ya mwisho katika hizo ni kama rangi ya manjano, ambayo nguo ikifuliwa na kuanikwa juani hutoka.

Hesabu hizo hazikukaa vitabuni tu. Wajaini wanayo ibada ya kujihesabu makosa na kutubia, na pamoja na ile ya kila siku iko ya kila nusu mwezi, iko ya kila miezi minne, na iko ya kila mwaka. Ile ya mwaka ni siku ya mwisho ya mfungo wao uitwao Paryushan, kwa mafundisho ya Svetambara, nayo huangukia mwezi wa Agosti au Septemba. Siku hiyo mtu huwaendea jamaa, jirani, mshirika wa biashara hata mtumishi wake, akawaomba radhi kwa alilolifanya kwa kujua na kwa kutojua. Sababu yake ni ile hesabu. Kinyongo kilichopita nusu mwezi kimeshahama majini kikaingia mchangani. Kilichopita mwaka kimeingia jiweni, na mwenye kinyongo cha jiwe hawezi hata kuhesabiwa kuwa na imani sahihi, ajapokuwa hafungui kinywa ila kwa kusoma. Sisi tunaofundisha watoto twawajua watoto wa ndugu wawili wakaao mkeka mmoja darasani, na baba zao hawasalimiani mwaka wa saba huu kwa ajili ya minazi ya urithi. Kwa kipimo cha Wajaini wale baba wamesimama wapi, msomaji atajibu mwenyewe.

Sasa ngazi. Kwa lugha yao kila kidato huitwa gunastana, yaani mahali pa sifa. Kidato cha kwanza ni cha upotovu, na humo wamo viumbe wengi kupita hesabu, wadudu na miti pamoja na watu. Mtu wa kidato hiki hulichukia lililo kweli kama mgonjwa wa homa achukiavyo kitamu. Kidato cha pili ni cha ajabu, kwa sababu hapana akifikiaye kwa kupanda, hufikiwa kwa kuanguka tu. Ni hali ya mtu aliyekwisha kuipata imani kisha ikamtoka, naye hajagusa chini bado. Wamempigia mfano wa mtu aliyekula wali wa maziwa akautapika, na ladha yake ingali ulimini. Muda wake ni kufumba na kufumbua. Cha tatu ni cha mchanganyiko, kama maziwa ya mgando yaliyotiwa sukari, huwezi kuutenga utamu na ukali wake. Mtu hakai hapo hata dakika 48, huenda juu au hurudi chini.

Kidato cha nne ndicho mlango. Hapo mtu ameiona kweli, na ile mistari ya jiwe imetulia au imevunjika, lakini hajaacha kitu. Aamini na bado afanya. Wao hawamdharau mtu huyu, na sisi twaona wamefanya insafu, kwani kujua ni jambo moja na kuweza ni jambo jingine. Wasema kwamba aliyeonja kidato hiki hata mara moja, ijapokuwa ameanguka, hana budi ataokoka siku moja, hata kama siku hiyo iko mbali sana.

Cha tano ni cha watu wa nyumba, wenye mke na watoto na duka. Hawa huchukua nadhiri kumi na mbili ndogo: wasiue kiumbe kiendacho, wasiseme uongo, wasiibe, wasitoke nje ya ndoa, wajiwekee kipimo cha mali wasikipite, na nyinginezo, pamoja na kukaa kitako kimya dakika 48 kwa kutafakari. Hapa ndipo zitokapo zile desturi ambazo majirani wao huziona wasifahamu asili yake. Hawali nyama wala samaki wala mayai. Wengi hawali baada ya jua kuchwa, wasije wakameza mdudu gizani, wala hawali vitunguu, viazi na karoti, kwa kuwa kung'oa shina ni kuua viumbe vingi vilivyomo ardhini. Vitabu vyao pia vyakataza biashara za namna 15, na katika hizo imo biashara ya sumu, ya ulevi, ya kuuza watumwa na wanyama, na ya pembe za ndovu. Wasomaji wa pwani, ambao wajua pembe ngapi zilipita katika bandari zetu, watafahamu uzito wa marufuku hiyo na jinsi ilivyo vigumu kwa mtu yeyote kukaa kidato cha tano hali mizani iko mbele yake.

Cha sita ni cha mtawa. Hana nyumba, hana fedha, hapandi chombo, aenda kwa miguu kutoka mji hata mji. Nywele zake hazinyolewi, hung'olewa kwa mkono. Mtawa wa Svetambara huchukua ufagio wa sufi ili aondoe wadudu mahali anapokaa. Mtawa kama huyu, Hiravijaya Suri, aliitwa na Mfalme Akbar wa Bara Hindi, naye akatoka Gujarat kwa miguu mpaka Fatehpur Sikri, akawasili mwaka 1583. Walizungumza habari za dini, na Akbar akakataza kuchinja wanyama katika siku za mfungo wa Wajaini, akafungulia ndege waliokuwa vizimbani. Waziri wake Abul Fazl ameandika sura juu ya imani ya Wajaini katika kitabu chake cha Ain-i-Akbari, na msomaji atakayeipata ataona kuwa mwanachuoni Mwislamu aliwaeleza watu hawa bila ya matusi, zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Lakini mtawa wa kidato cha sita bado ana ghafla. Moyo huteleza. Akizinduka kabisa yuko cha saba, akisahau kidogo amerudi cha sita, na hivyo huenda na kurudi mara nyingi katika siku moja. Ipo hadithi yao inayoonyesha jambo hili kuliko maelezo yetu. Mfalme mmoja, Prasannachandra, alimwachia ufalme mwanawe mdogo akawa mtawa. Siku moja amesimama njiani anatafakari, askari wawili wakapita, mmoja akasema kuwa mawaziri wanataka kumpindua yule mtoto. Mwili wa mtawa haukutikisika, lakini moyoni alishika upanga akapigana na mawaziri wale mmoja mmoja. Mfalme Shrenika alikuwa amemwona, akaenda kumwuliza Mahavira, Mtu yule akifa saa hii atakwenda wapi? Akajibiwa, Jahanamu ya saba. Huku nyuma yule mtawa silaha zake za moyoni zikamwishia, akapeleka mkono kichwani avue taji amtupie adui, akagusa upara. Hapo akakumbuka yeye ni nani, akajuta. Shrenika alipouliza tena akaambiwa, Pepo ya juu. Na kabla mazungumzo hayajakwisha ilisikika ngoma ya furaha, kwamba Prasannachandra amefika kidato cha kumi na tatu. Mwili wake ulikuwa umesimama palepale muda wote.

Kuanzia cha nane ngazi hugawanyika mbili, na mpandaji hupanda moja tu. Ya kwanza ni ya kutuliza, ya pili ni ya kung'oa. Wapandaji wote wawili hupita cha nane, ambapo roho hupata nguvu isiyowahi kuipata, na cha tisa, na cha kumi, ambapo haikubaki ila tamaa nyembamba, kama wekundu uliobaki katika nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wote wapole, wote hawana hasira. Kisha yule wa kutuliza huingia cha kumi na moja, naye yuko katika utulivu kamili, na hapo ndipo anapoanguka.

Ni lazima aanguke. Wasema kuwa moyo wake ni kama maji ya matope yaliyotiwa tunda la kusafishia: tope limeshuka chini, maji yang'ara, wewe wayaona safi. Lakini tope limo. Muda usiotimia dakika 48 humalizika, chombo hutikisika, naye hurudi kumi, tisa, nane, saba. Huenda akashika kidato njiani, na huenda akateremka hata cha kwanza. Yule wa kung'oa hapiti cha kumi na moja kabisa. Kutoka cha kumi huruka hadi cha kumi na mbili, na moyo wake ni kama maji safi yaliyomiminwa katika chombo cha bilauri. Huyo harudi. Katika mafundisho yao yote hatukuona lililo kali kama hili. Mtu aweza kupanda vidato kumi na kimoja kwa kuimeza hasira yake, na isimfae.

Aliyeyapanga mambo haya kwa ufupi ni Nemichandra, mwanachuoni wa Digambara wa karne ya kumi, katika kitabu chake Gommatasara, na mingi ya mifano tuliyoitaja yatoka humo. Kitabu kimeitwa kwa jina la Chavundaraya, waziri na jemadari, ambaye jina lake jingine lilikuwa Gommata. Jemadari huyo ndiye aliyesimamisha sanamu kubwa ya Bahubali huko Shravanabelagola, katika jimbo la Karnataka, kadiri ya mwaka 981. Imechongwa katika jiwe moja, urefu wake futi 57, na mimea imetambaa miguuni mwake. Kila baada ya miaka 12 huoshwa kwa maziwa na manjano, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2018.

Bahubali huyo alisimama kutafakari mwaka mzima hata mimea ikamfunga, asifike. Svetambara wasimulia kuwa alikuwa na kiburi kimoja kidogo. Wadogo zake walimtangulia utawani, na kwa kanuni ilimpasa awasujudie kama wakubwa wake, naye akasema moyoni, Nitakwenda kwao nikiisha kufika. Dada zake wawili wakaja wakamwambia, Kaka, shuka juu ya ndovu. Akastaajabu, kwani hakupanda ndovu. Alipofahamu ni ndovu gani waliyemtaja, akainua mguu aende kuwasujudia, na katika hatua ile ile ya kwanza akafika.

Cha kumi na tatu ni cha ujuzi wote. Karma nne zenye kudhuru zimekwisha. Nne zilizobaki ni kama kamba iliyoungua, umbo lake lipo lakini haiwezi kufunga kitu. Mtu huyu bado ana mwili, aenda, asema, afundisha. Makundi mawili yamebishana karne nyingi je, ala chakula au hali, na sisi hatutaingia ugomvi huo. Gautama, mwanafunzi mkubwa wa Mahavira, alichelewa kufika hapa kwa sababu moja: alimpenda mno mwalimu wake. Usiku Mahavira alipokufa Gautama hakuwapo, alikuwa ametumwa kufundisha mahali pengine. Akalia, kisha akafahamu kuwa mapenzi yale nayo ni kamba, na hapo ikakatika. Wajaini wanapowasha taa za Diwali huukumbuka usiku ule.

Cha kumi na nne ni kifupi. Mawazo, maneno, mwendo na pumzi vyote husimama, na muda wake ni wa mtu kutamka irabu tano fupi za Kisanskriti. Mtoto wa chuo huzimaliza kabla hujamgeukia. Kisha roho huacha mwili ikapanda hadi kilele cha ulimwengu, kama buyu lililopakwa udongo likazama, na udongo ukiisha kulowa na kubanduka buyu huelea lenyewe, bila ya kuinuliwa na mtu.

Nani yuko huko juu leo? Wajaini wasema kuwa katika nchi zetu hizi mtu wa mwisho kufika alikuwa Jambu, aliyekufa miaka 64 baada ya Mahavira, na baada yake mlango umefungwa kwa zama zote hizi mbovu. Mtawa umwonaye leo akitembea katika njia za Gujarat, ufagio wake mkononi, alilijua hilo tangu siku alipong'olewa nywele. Katika uhai huu hatapita kidato cha saba. Ataingia humo kitambo, atateleza sita, atarudi tena saba, mpaka kufa kwake. Na tumaini lake ni kuzaliwa mara nyingine katika nchi ya Mahavideha, ambako, kwa imani yao, washindi wangali wakifundisha.